Tulivyowapeleka watoto Ferrari World na wenzake, na nyanya yao juu

Mimi Dubai nimeijua kwa mzigo. Nina duka la buibui hapa mjini, si mbali na Biashara Street, na kwa miaka mingi Dubai yangu ilikuwa Deira basi, unashuka ndege, unaingia soko la Naif, unavutana bei mpaka koo linakauka, unapeleka mzigo kwa watu wa kago, unalala, unarudi Mombasa. Burj Khalifa nlikuwa naiona kwa mbali nikiwa ndani ya teksi na hesabu zangu kichwani. Sasa watoto nao wana masikio, wanasikia mama kaenda Dubai, mama karudi Dubai, na shuleni wenzao wanawaonyesha video za mabembea yanayopindua watu miguu juu, ikawa kila nikiingia na begi swali ni hilohilo, mama na sisi utatupeleka lini. Mwisho baba yao akaniambia ahadi ni deni, na wewe ushaahidi zaidi ya mara moja.

Basi tukajipanga. Mimi, baba yao, watoto watatu, na mama yangu mzazi ambaye alisema yeye hawezi kubaki Mji wa Kale anaangalia kuta na sisi tunakula raha. Kijana mkubwa yuko sekondari, ashanipita urefu. Wa kati ni msichana wa miaka tisa. Kitinda mimba ana minne na mchana asipolala hakuna anayepata amani. Nyanya yao magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna shida yoyote, alhamdulillahi. Nawataja wote kwa sababu tangu turudi watu wananipigia simu, ati dada tupe mpango, viwanja gani vya mabembea vizuri, na mimi kila mara nawaambia anza na nani unaenda naye ndio uje kwa viwanja.

Kuna ajenti mmoja wa safari alinitumia ratiba kwa simu, imepangwa kweli, kila siku kiwanja kipya, asubuhi saa tatu mko getini, usiku mnarudi hotelini, kesho tena. Nikaiangalia nikaangalia magoti ya mama, nikaangalia yule mdogo amelala kwenye mkeka saa nane mchana mdomo wazi, nikamjibu asante sana ndugu yangu.

Wale mliokulia Mombasa mnaijua Idi ya Makadara. Mtoto anapewa mkono wake wa Idi, anaingia uwanjani, na pale bembea unalipia kila unapopanda, kwa hivo anazunguka kwanza, anaangalia, anahesabu, anabakisha ya barafu ya ukwaju na ya viazi karai, halafu ndio anachagua. Kule kwa wenzetu ni kinyume. Unalipa mara moja mlangoni, pesa nzito, na ndani unapanda utakavyo mpaka wafunge. Unaweza kudhani hiyo ndio raha yenyewe, na kwa mtoto ni raha kweli, lakini mzazi aliyelipa anageuka nyapara. Nimeona baba mzima anamkokota mtoto anayelia, mtoto anataka kukaa tu, yeye anamwambia hii bado hatujapanda. Na si mmoja, ukifika saa tisa alasiri ukikaa kwenye benchi utawahesabu. Ile hamu ya kurudisha hela ndio inaharibu siku, si foleni wala si jua.

Kwa hivo sisi tulikata shauri nyumbani kabla hata ya kulipa chochote. Usiku mmoja baada ya chakula tukakaa chini na ramani za viwanja kwenye simu, nkasema kila mtu achague vitu vitatu vyake kwa kila kiwanja, na vikishapatikana hivo vitatu siku imelipa, kingine chochote ni nyongeza. Hata nyanya alichagua. Chaguo lake la kwanza lilikuwa kukaa mahali penye kivuli na chai, na tukaliandika.

Lakini kabla ya kuchagua nlitoa tepu ya cherehani, ile ile ya dukani, nkawasimamisha watoto ukutani bila viatu. Nawaomba sana mfanye hili. Kule umri si hoja, kimo ndio tiketi. Kila bembea lina kimo chake na kimeandikwa kwenye tovuti ya kiwanja, na ukifika pale yuko mtu na kijiti cha kupimia, huwezi kumwambia huyu amekaribia, ama ongeza bei kidogo. Mimi ambaye maisha yangu yote ni kuongea bei, pale nlinyamaza. Wa kati alitoka sentimita 131, mdogo 103. Kwa namba hizo mbili ramani nzima ilibadilika, vitu vingine tukavifuta pale pale kwenye mkeka, na kulia kukafanyika nyumbani ambako kuna nyanya wa kubembeleza, kuliko kulia getini kwa watu na wewe umeshalipa.

Mambo ya wakati sasa, na hapa biashara ilinisaidia. Shule zetu zinafunga likizo ndefu mwisho wa Oktoba hivi, na Novemba watoto wa kule bado wako madarasani mpaka Disemba. Huo mwanya ndio wa dhahabu. Jua limepoa, usiku mpaka unatafuta sweta, na siku za wiki viwanja vinapumua. Agosti mimi nshaenda kwa mzigo, joto linapita nyuzi 40, kutoka duka hadi duka unahisi mtu amekufungulia mlango wa oveni usoni, kumpeleka mzee kwenye hali hiyo ni dhambi. Wikendi yao siku hizi ni Jumamosi na Jumapili, walibadilisha mwaka 2022, na Ijumaa ni nusu siku, kwa hivo kama unakumbuka hesabu ya zamani ya Ijumaa na Jumamosi isahau. Na tarehe 2 Disemba ni sikukuu yao ya taifa, siku hizo kaa mbali na viwanja, nenda pwani ukaangalie fataki.

Ndege za moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa zipo, ni safari ya kama saa tano hivi, huna haja ya kupanda kwanza kwenda Nairobi na watoto na mabegi.

Kitu ambacho watu wengi wa kwetu hawakijui, na mimi na Dubai yangu yote sikukijua vizuri mpaka nlipokaa kupanga, ni kwamba vile viwanja vikubwa vingi wanavyoviita vya Dubai haviko Dubai. Viko Abu Dhabi, kwenye kisiwa cha Yas. Ferrari World iko hapo, Warner Bros. World iko hapo, SeaWorld iko hapo, Yas Waterworld ya maji iko hapo, vyote karibu karibu na kuna basi la bure linazunguka kisiwani. Dubai kwenyewe kuna IMG Worlds of Adventure, Motiongate, Legoland, na ya maji kuna Wild Wadi pale karibu na Burj Al Arab na Aquaventure kule Palm. Sasa mtu analala Deira kwa sababu ni rahisi na anataka kwenda Yas kila siku asubuhi na kurudi usiku, ni zaidi ya saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi, na watoto wamelala kwenye mabega yenu. Sisi tuliigawa. Mwanzo tukalala Abu Dhabi upande wa Yas, hoteli ya kawaida tu, tukamaliza mambo ya viwanja, halafu ndio tukahamia Deira kwangu ninakojua kila uchochoro, tukapumzika, nkafanya na kazi yangu.

Ferrari World ndio tulianza nayo kwa sababu kijana mkubwa hakulala usiku kucha. Ilifunguliwa 2010, paa lake jekundu kubwa unaliona ukiwa barabarani bado. Kuna treni pale inaitwa Formula Rossa, kwa miaka mingi ilihesabika ndio rola kosta yenye kasi kushinda zote duniani, inafika kilomita 240 kwa saa, na inafika hapo ndani ya sekunde kama tano. Piga hesabu, treni yetu ya SGR mbio zake ni 120. Wanakupa miwani ya kufunga macho kwa sababu ya mchanga na wadudu wanaokupiga usoni. Baba yao anaendesha winchi bandarini, kukaa juu angani kwake ni kazi ya kila siku, akaingia na mwanawe akitembea kama mwenye kiwanja. Mimi nkabaki nje na wengine. Ile kitu inatoka ndani ya jengo kwa kishindo, unasikia watu wanapiga kelele halafu kelele inakatika, washapotea. Walivyorudi kijana anacheka peke yake, mzee mwenyewe alikuwa kimya, akaniuliza chai iko wapi. Mpaka leo ukimuuliza anasema haikuwa na shida, upepo tu.

Sasa binti yangu wa kati. Kimo cha kile kitu ni mita 1.4, na yeye tulimpima, anajua, alikubali. Lakini siku hiyo asubuhi alijifunga nywele juu utosini kifundo kikubwa ndani ya mtandio, nkamwona nkanyamaza. Akaenda mwenyewe mpaka kwa yule kijana wa kijiti, akasimama amejinyoosha, shingo imetoka, na visigino viko hewani. Yule kijana akamwangalia chini akamwambia kwa Kiswahili safi, "Shusha visigino mrembo." Mkenya! Binti alishtuka mpaka akacheka, na mimi nkacheka, ile aibu ikaisha. Akampima, akamwambia bado kidogo, kula ugali uje tena. Kumbe Wakenya wako wengi kule, kwenye mageti, kwenye vibanda vya chakula, mahotelini, ukisikiliza vizuri utawajua kabla hawajaongea na wewe. Tulisimama nao kidogo kila tulipokutana nao, na ndio waliotupa ushauri wa maana kushinda tovuti zote, mfano anzeni nyuma ya kiwanja mje mbele kwa sababu watu wote wanakimbilia cha kwanza wanachokiona, na saa za chakula cha mchana ndio saa za kupanda. Mwenye kazi yake anaijua. Mtu ukimkuta anakuhudumia kule muulize kwa heshima, na ukimaliza mshukuru vizuri, wanasimama kutwa.

Mkiwa na mtoto mdogo pia ulizeni utaratibu wa wazazi kupokezana, viwanja vingi wanao, mmoja anapanda mwingine anabaki na mtoto, halafu mnabadilishana bila kupiga foleni upya. Hawatakwambia usipouliza.

Warner Bros. World yote iko ndani ya jengo, hakuna jua hata kidogo, ilifunguliwa 2018. Kwa mtu mwenye mzee na mtoto mdogo nasema hii ndio ya kwanza kufikiria. Imegawanywa mitaa, mtaa mmoja wa Batman giza giza, yule mdogo alifika mlangoni akageuka, hakutaka hata kusikia, tukampeleka upande wa katuni na hapo ndio tukakaa. Nyanya hajui Batman ni nani lakini Tom na Jerry anawajua vizuri, alikuwa anawaangalia na sisi tukiwa wadogo, akamwona panya mkubwa anatembea anasalimia watu akamwambia mtoto kamsalimie. Kuna mtumbwi wa majini upande wa Flintstones, unakwenda polepole halafu mwisho kuna kuteremka ghafla ambako hakuna aliyemwambia. Alipiga "La ilaha!" mpaka waliokuwa mbele wakageuka. Akatoka amerowa upindo wa buibui, anatuangalia mmoja mmoja, nani alijua? Kijana mkubwa akajifanya anafunga kamba za viatu.

Hapo hapo Warner ndio tuliona faida ya ile hesabu ya vitu vitatu. Ilipofika saa nane mdogo akaanza kusugua macho, na viwili vyake alikuwa ashapata. Tukampandisha cha tatu, bembea la kuzunguka tu taratibu, na alivyoshuka baba yao akamchukua na nyanya wakaenda zao hotelini kulala. Mimi nkabaki na wale wawili mpaka usiku, tukapanda na nyongeza kibao, hakuna aliyelia. Ndio umelipa tiketi nzima ya mtoto kwa saa nne. Sasa ungemweka saa kumi angekurudishia nini?

Baridi ya ndani lakini, jamani. AC zao hazina mchezo. Beba sweta hata kama nje ni jua, na mzee mbebee shali nzito na soksi.

SeaWorld sikuwa nimeipangia kitu, mimi nliiona ni samaki tu, na samaki tunao sokoni. Imefunguliwa 2023, na hawana wale nyangumi wa kuruka ruka kama SeaWorld za Marekani, hii waliijenga bila hao tangu mwanzo. Kuna tangi la maji lita milioni 25, unasimama mbele ya kioo kirefu kwenda juu na samaki wanapita mbele ya uso wako kama wako barabarani. Sasa mama yangu ni mke wa mvuvi. Marehemu baba alikuwa mtu wa bahari, na sisi tumelelewa kwa samaki. Pale mapema alikuwa amekataa kiti cha magurudumu, ati yeye si mgonjwa, mpaka nkamwambia mama hiki si chako, ni cha mabegi na mtoto, wewe unakaa tu kuyashika. Akakubali. Basi yuko kwenye kiti, mjukuu mapajani, begi miguuni, mbele ya kile kioo, akaanza.

"Huyu taa. Yule kolekole, tazama alivyonona. Huyu papa, huyu akikaushwa ni ng'onda ya mwezi mzima."

Mjukuu anauliza, nyanya huyu tunamla? Tunamla, wa kupaka. Na huyu? Huyo wa nazi, ukimkaanga unamwonea. Na yule? "Yule kasa, muache, KWS wa wanyamapori watakufunga." Wale wengine wawili nao wakasogea, wakaanza kumuuliza, na kijana mkubwa ambaye nyumbani ukimwita mara tatu hasikii, alikaa pale chini kwenye sakafu karibu na kiti chake anamuuliza babu alikuwa anavulia wapi, kwa nyavu gani, kusi likiingia walikuwa wanafanyaje. Akawaeleza yote. Majarife, mshipi, dema, usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi. Mimi mwenyewe mengine nilikuwa siyajui. Nadhani tulikaa hapo kushinda bembea lolote tulilopanda safari nzima, na hapakuwa na foleni. Kwa hivo mtu akiniambia SeaWorld ni ya kuachwa, namuuliza kwenu mnaenda na nani.

Ya maji tulienda Yas Waterworld. Hapa dada zangu nawaambia mapema, dera haliingii majini. Si kama ufuo wetu wa Pirates ambako mtu unajitosa na nguo zako zote. Wanataka nguo ya kuogelea kweli, burkini inakubalika bila neno lolote, nunueni mapema, mkingoja kununua duka la mle ndani mtalipa bei ya machozi. Na kwenye mabembea ya kasi mtandio uwe mfupi umefungwa umebana, hawataki kitu kinachopepea, ni usalama. Mimi nlivaa ile ya kuvutika ya kufunika mpaka kidevu na hakuna aliyenisumbua. Mengine ya maji ni maji, watoto walinyauka vidole, basi.

Kuswali hakuna taabu, vyumba vya kuswalia viko, na sisi tuko safarini tulikuwa tunakusanya na kupunguza. Chakula tulichokula kilikuwa halali kote, hilo ndio lilimpa mama amani ya kwanza kabisa, hakuuliza uliza kila sahani.

Pesa sasa, najua ndio mnangoja. Dirham imefungwa na dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.67 na haitikisiki, kwa hivo wewe pigana na shilingi yako tu, kwetu ilikuwa kama shilingi 35 kwa dirham moja. Tiketi ya kiwanja kimoja cha Yas kwa mtu ilikuwa imepita dirham 300, yaani zaidi ya elfu kumi zetu, na hiyo zidisha kwa familia uone. Ukinunua ya viwanja viwili au vitatu kwa pamoja bei ya kila kimoja inashuka sana, na kwa mtandao ni nafuu kuliko mlangoni. Ile ya kuruka foleni hatukuinunua, Novemba siku ya wiki haina kazi. Kinachokula hela kimya kimya ni chakula cha ndani. Cha nje hawaruhusu kuingia nacho ila cha mtoto mchanga, na soda na chipsi za watu sita mara mbili kwa siku ni tiketi nyingine hiyo. Dawa yetu ilikuwa kushiba asubuhi, kushiba kweli, mayai, chapati, maharagwe, chai karak ya dirham mbili ya barabarani, halafu ndani ni kula mara moja tu, na usiku chakula kikubwa ni nje kwenye mikahawa ya Wapakistani. Mahamri nlibeba kutoka nyumbani, yalikwisha siku ya pili. Na hotelini kuna ile Tourism Dirham, Dubai wanakutoza kwa chumba kwa kila usiku, mara nyingi haiko kwenye bei uliyoona kwenye simu, unadaiwa mapokezi pamoja na amana, kuwa na kadi au pesa mkononi usianze kubabaika na watoto nyuma yako.

Tulivyohamia Deira tulikuwa tumeshajichokea vizuri. Watu walitegemea nitawapeleka IMG, nkasema hapana, Warner imetosha, viwili vya ndani vinafanana, tukabaki na vya senti kidogo. Metro, mbele kabisa kwenye dirisha kubwa maana haina dereva, mdogo alidhani ndio anaiendesha yeye. Msile wala msitafune bigijii mle ndani, faini ni dirham 100. Global Village usiku, hiyo hufunguliwa miezi ya baridi tu, kiingilio ni kidogo na mzee anatembea polepole anaangalia maduka ya nchi nchi. Na abra, zile boti za kuvuka Creek kutoka Deira kwenda Bur Dubai, dirham moja kwa mtu. Mama akaniuliza mbona feri ya Likoni ni bure. Akakaa pembeni karibu na maji, boti ikayumba, watalii wakashika mbao, yeye hata hakugeuza shingo. Alitaka turudie, tukarudia, tukarudia tena, familia nzima bado haijafika bei ya chakula cha mtu mmoja Ferrari World.

Baba yao na watoto wakawa wanalala mpaka saa nne, mimi asubuhi naingia zangu Naif. Tulikuwa abiria sita wenye kilo zao na mabegi ya watoto yamekuja nusu tupu, mwanamke wa biashara ataziachaje kilo kama hizo zirudi na hewa. Binti yangu wa kati nlikwenda naye siku moja, akaniona navutana na muuzaji, nikaondoka, nikaitwa, nikarudi, nikaondoka tena. Alivyotoka akasema mama hapa ndio kungekuwa na kijiti cha kupimia ungeshindwa. Alinichagulia rangi mwenyewe, ati wasichana sa hizi wanataka kijani cha pistachio, nikachukua kumi na mbili nikilalamika. Eapoti Mombasa nlilipa ushuru wangu, nikaziweka mbele dukani, na wiki haikuisha zilikuwa zimetoka zote. Sasa anadai kamisheni, na anasema atakunywa maziwa kila siku mpaka afike 140.